Kipimabarafu Chatafuta Mwanafunzi

Jumatatu, Februari 3

Odile Desrosiers amepata wanafunzi. Si mmoja, wawili. Katutangazia leo karakanani, chini ya kanisa, tunakokutana kuunda vifaa vyetu, huku akimenya chungwa, kana kwamba anasoma habari za hali ya hewa. Chuo cha ufundi kinampa vijana wawili wamsaidie kumalizia kipimamvua chake, naye atakuwa mlezi wao. Mlezi! Mtu aliyefundisha fizikia maisha yake yote kwa kugonga meza na rula.

Na kipimamvua kina kazi gani? Mvua ikinyesha, mtu anachungulia dirishani. Kipimabarafu changu kinaokoa roho. Unakiweka juu ya ziwa lililoganda, kinapiga mlio kwenda chini, kinakuambia barafu ina unene gani, nawe unajua kama uingie na gari au urudi nyumbani kwa mkeo. Tena ni kifaa huria kabisa, kama vyote vya karakana yetu. Mchoro ni wa watu wote. Yeyote auchukue, aunde chake, akiboreshe. Nimeyaandika hayo ubaoni kwa herufi kubwa. Mchoro wenyewe nimeufungia kwenye kabati la sauna, chumba chetu cha mvuke, nyumbani, maana Odile haaminiki.

Kazi iliyobaki ni ndogondogo tu. Kuunga nyaya upya. Kasha lisilovuja. Kurekebisha programu. Kuandika maelezo. Kwenda kukijaribu ziwani. Yaani yote. Hiyo ni kazi ya mwanafunzi.

Nimemwambia Lorna kwamba keshokutwa naenda chuoni kuchukua wa kwangu. Lorna ni mke wangu na imani yake ni haba. Akauliza kama wanafunzi siku hizi wanachukuliwa rafuni kama mikate. 

Jumatano, Februari 5

Ukumbi wa chuo ulijaa meza. Siku ya wanafunzi kukutana na wananchi. Nilibeba boksi la maandazi ya mji wetu, Thunder Bay, yale yenye sukari ya rangi ya waridi juu, kama chambo. Wanafunzi walikuja kwa wingi. Wakala. Nikawaeleza kipimabarafu. Wakauliza kama kuna ya chokoleti.

Boksi likaisha, mwanafunzi sina. Ndipo nikaiona foleni ndefu upande wa madirisha. Watu wa rika langu tupu, wake kwa waume, wenye nywele za busara. Nikajua hapa ndipo walezi. Nikapanga foleni.

Mwenye meza ni kijana wa ndevu nyekundu, Darcy. Akanihoji. Nimetimiza miaka hamsini na mitano? Zamani. Nina simu ya kisasa? Ninayo. Maandishi yake nayaona vizuri? Nayaona. Nina subira? Nikamwambia nilikuwa fundi wa nyaya za simu, nimening'inia nguzoni katika baridi inayogandisha kope, subira ninayo hadi ya kugawa. Nikapenda anavyochuja. Kisha akauliza kama napendelea mwanafunzi anayesema polepole. Swali la ajabu. Nikasema ndiyo. Anayesema polepole anafikiri.

Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Hongera sana, mzee. Wengi wa umri wako wanaogopa kuja."

Nikamwambia mimi simwogopi mwanafunzi yeyote.

Odile alikuwa upande wa pili wa ukumbi, kwenye meza yenye watu wachache. Akanijia, akauliza nafanya nini kwenye foleni ile. Nikamwambia ni foleni ya watu makini. Akafungua mdomo, akaufunga, akatabasamu. Kijicho hicho.

Ijumaa, Februari 7

Amekuja. Anaitwa Gurnoor Dhaliwal, mtoto wa Punjab, huko India, yuko mwaka wa pili wa elektroniki. Kavaa koti juu ya koti juu ya koti. Ananiita Anko. Lorna akamkatia mkate wa iliki na kumtilia kahawa, na binti akala kwa adabu.

Kisha akasogeza kiti na kusema, polepole sana, "Anko, tusiwe na haraka. Leo tutawasha simu na kuizima. Basi."

Nilipigwa na butwaa. Mwaka wa pili wa elektroniki. Wanawafundisha nini huko? Lakini nikakumbuka kwamba mlezi mwema hamvunji moyo mwanagenzi. Nikamwambia aanze, nami nitazame.

Akaiwasha simu yangu. Akaizima. Akasema, "Haya, sasa wewe."

Nikamwambia hakuna haja, mimi nimeridhika, amefanya vizuri sana.

Akanitazama. Akaiwasha tena. Nikampongeza tena. Akaniuliza kama naogopa kuishika. Nikamwambia asijali kuhusu mimi, ajiamini yeye. Tukaendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa. Naona ana kipaji, ila amecheleweshwa.

Lorna alikuwa jikoni kaziba uso kwa taulo la vyombo. Nilipomuuliza ana nini, akasema ni iliki.

Jumanne, Februari 11

Leo Gurnoor kaja na somo la nywila. Kasema jina la mke halifai kuwa nywila. Ni kweli. Nikampa alama zote.

Kisha nikampa kazi halisi. Nikamwekea mezani bodi ya kipimabarafu, waya wa risasi wa kuungia na kifaa cha kuchomea. Akageuza bodi huku na huku.

"Anko, hii imo kwenye masomo yetu?"

"Masomo napanga mimi."

"Wazee wengine huwa wanaomba kuonyeshwa picha za wajukuu."

"Mimi sina wajukuu. Nina kipimabarafu."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa, akavaa miwani, akachomea. Kazi safi. Kila tone la risasi linang'aa kama jicho la samaki. Nikamwuliza amejifunzia wapi. Akasema chuoni. Sasa kama wanajua hivi, mbona tuliianza simu kwa kuwasha na kuzima? Mitaala ya siku hizi siielewi.

Jioni karakanani nikawaambia wote kwamba mwanafunzi wangu anawasha simu bila msaada. Odile akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemsemesha mgonjwa, kama nasema kweli. Wanafunzi wake wameshachora sakiti nzima. Nikamwambia vijana wake wanakimbia kabla ya kutambaa.

Habari kubwa zaidi: Wes Kuchta, mwenyekiti wa mashindano ya kuvua samaki barafuni, amenipigia. Mashindano ni Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, Ziwa Salmela. Anataka kujua magari yaegeshwe wapi. Nilikuwa nimeshapita huko Jumapili, nikatua kifaa mara moja karibu na mlango wa mto, pale mto unapoingia ziwani, maana ndipo palipokuwa karibu na barabara. Barafu nene ajabu. Nikamwambia aegeshe hapo, aweke na bango la kipimabarafu. Akakubali. Odile atalipita bango hilo akiwa amebeba ndoano zake.

Alhamisi, Februari 13

Siku mbaya.

Somo la leo lilikuwa kupiga picha na kuzituma. Gurnoor akaomba kitu cha kupiga picha. Nikaona ni heshima kubwa kumpa, nikafungua kabati la sauna, nikamtolea mchoro. Akaupiga wote, karatasi baada ya karatasi. Mimi nasimama kando kama baba wa bibi harusi.

"Anko, ulisema huu ni huria?"

"Huria kabisa."

"Basi tuuweke pale watu wauone."

Nikadhani anasema ukutani. Nikamwambia auweke. Akabonyeza, akabonyeza, akasema tayari, sasa unaonekana dunia nzima, kwenye uwanja wa mtandao ambapo watu wa vifaa huria wanaweka michoro yao.

 Nikamwambia afute.

"Kwa nini?"

"Watauchukua."

"Si ndiyo maana ya huria?"

Nikamwambia kuna huria na kuna huria. Akanisubiri nieleze. Nikajaribu. Nilipofika katikati mwenyewe nikapotea njia.

Basi nikauliza kufuta kunafanywaje. Akafungua ratiba yake kichwani na kusema, mpole kama muuguzi, kwamba kufuta ni somo la mara nyingine, na Jumatatu ni sikukuu. Mpaka Jumatano. Nimelala kitandani nikiwaza ulimwengu mzima unavyosoma mwandiko wangu.

Jumatatu, Februari 17

Sikukuu ya Familia. Familia ni mimi na Lorna na simu inayolia kama kifaranga kilichopotewa na mama. Ujumbe. Na mwingine. Sikuweza kuufungua hata mmoja. Kila Gurnoor alipokuwa akifanya, mimi nilikuwa nikisifu tu.

Lorna akachukua simu, akafungua kwa kidole kimoja. Nikamwuliza amefundishwa na nani. Akasema na Gurnoor, pale pale, kwa kutazama kutoka jikoni.

Mtu wa jimbo la Manitoba, mvuvi, jina lake Ferris Trudel, ameunda kipimabarafu changu. Kwa mikono yake, kwa mabaki ya gereji yake, ndani ya siku hizi chache. Nilihisi joto kifuani. Mtu nisiyemjua, mbali huko, ana kitu changu mezani kwake. Nikamwambia Lorna asome tena sehemu hiyo. Akasoma.

Kisha akasoma iliyofuata. Ferris anasema kwenye barafu tupu kinafanya kazi barabara. Lakini pale palipo na theluji tope, ile theluji iliyolowa maji chini ya theluji kavu, kifaa kinalihesabu tope lote kuwa barafu. Kinasema nene palipo pembamba. Anashauri tuangalie hili mapema, maana mtu anaweza kufa.

Nikasema Ferris ana wivu.

Lorna akaweka simu mezani. Akaniuliza nilikijaribia wapi kifaa kabla ya kumpa Wes neno. Nikasema kwenye friza ya nyama, msimu mzima, na hakikukosea hata mara moja.

"Orvo, friza yetu ina mlango wa mto?"

Sikula keki ya sikukuu.

Jumatano, Februari 19

Gurnoor alipofika tu nikamwambia leo ni kufuta. Nilikuwa nimeamua. Mchoro ukifutika, na Ferris anafutika. Lakini Lorna alishampa simu asome. Binti akasoma akiwa amesimama, koti moja amevua na mawili bado.

"Anko, twende tukapime."

Lorna akaendesha gari hadi ziwani. Tukatembea hadi mlango wa mto, Gurnoor akichukua hatua fupifupi kama kuku mgeni. Nikatua kifaa. Kikasema barafu ni nene kama urefu wa mkono wangu. Nikawageukia. Nikaacha namba iseme.

Lorna akashika keekee ya mkono, ile ya kutobolea barafu, akaanza kuzungusha. Theluji. Tope la kijivu, jingi. Kisha barafu kidogo, upana wa kiganja, na chuma kikatumbukia. Maji yakapanda kupitia tundu na kulowesha buti zangu.

 Kando yetu lilikuwa bango ambalo Wes ameshalichomeka: MAEGESHO YA MAGARI, KWA HISANI YA KIPIMABARAFU CHA HAAPALA. Haapala ndiye mimi.

Nikasema labda keekee ina hitilafu.

"Anko, hicho ni chuma tu. Kitakoseaje?"

Tuliporudi garini akasema nimpigie Wes. Nikamwambia apige yeye, ndiye mwanafunzi, ni zoezi zuri. Akaifungua simu hadi kwenye jina la Wes, akaniwekea kiganjani, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Leo wewe. Mimi natazama."

Nikabonyeza. Wes akaitika kwa furaha, akaanza kunieleza familia ngapi zimejiandikisha na kwamba kuna wengine watakuja na watoto wachanga. Nikataka kukata. Binti kanikazia macho. Nikamwambia asiegeshe pale. Kwa nini? Nikamwambia kifaa changu kinasema uongo. Maneno hayo yalitoka kama jino.

 Kisha Wes akauliza ni nani mwingine anajua. Nikasema Manitoba inajua. Akasema magari yote yatabaki nchi kavu, na wavuvi watakaa ghuba ya kusini, ambako atatoboa matundu kwa mkono kila hatua. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Kufuta hatukufundishana. Nilisahau, naye hakunikumbusha.

Jumamosi, Februari 22

Mashindano. Watu walinung'unika kutembea. Walikokota viti, majiko, makreti ya bia kwenye sleji za kuteleza thelujini, na kila aliyenipita alikuwa na neno. Mmoja akauliza kama kipimabarafu changu kinaweza kupima uvivu. Nikavuta kofia hadi kwenye nyusi.

Mchana, yowe kutoka mlango wa mto. Mtu wa vyoo vya kukodi hakuwa amepata habari. Alikuwa ameshusha kimoja juzi pale pale penye bango. Tuligeuka sote tukakiona kikiinama, polepole, kama mzee anayetafuta miwani. Kisha kikasimama wima na kuanza kushuka. Maji yakafika mlangoni. Yakafika dirishani. Kikabaki paa tu.

Hakuna aliyekuwa ndani. Wes alihakikisha kwa kupiga kelele na kuhesabu watu, mara mbili.

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mtu alikuwa akiliweka gari lake mahali pale, kichwani, na kuwaweka watu wake ndani ya gari. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akakaa juu ya ndoo yake.

Wes akanijia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kama nisingepiga simu. Hakumalizia.  Nikasema mwanafunzi wangu nimemlea vizuri. Mwanafunzi wangu wakati huo alikuwa kando ya moto, anakula samaki wa kukaanga na kumwambia Lorna kwamba kwao Punjab samaki huyu angepakwa bizari kwanza.

Odile naye akaja. Nikajiandaa. Akasema, "Umefanya jambo zito, Orvo. Si rahisi." Nikangoja mwiba. Haukuja. Akaondoka na ndoano zake. Nimekaa jioni nzima nikitafuta alimaanisha nini.

Jumanne, Februari 25

Hafla ya vyeti chuoni. Nilivaa suti ya mazishi. Hotuba mfukoni: "Mlezi ni Mwamba." Ukumbi umejaa, Lorna mstari wa mbele, na Odile naye, amekuja na vijana wake wawili kutazama.

Darcy wa ndevu nyekundu akaita majina. Akafika kwangu.

"Orvo Haapala, aliyehitimu Simu Bila Hofu, ngazi ya kwanza! Na mlezi wake, Gurnoor Dhaliwal!"

Makofi. Nikaona wazi kwamba kijana amebadilisha majina. Nikapanda jukwaani, nikachukua kipaza sauti, nikamsamehe mbele ya watu. Nikasema kosa ni dogo, mimi ndiye mlezi, na mwanafunzi wangu huyu nilimpokea hajui hata kuwasha simu.

 Gurnoor akafunika uso kwa mikono yote miwili. Darcy akanisogelea, akaninong'oneza kwamba mpango huu ni wa wanafunzi kuwafundisha wazee simu. Wazee kuwalea wanafunzi ilikuwa meza ile nyingine, kule kwa Bibi Desrosiers.

"Kwa hiyo mwanafunzi nani?"

"Wewe, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu foleni."

Nikamwambia nilikuwa nikimjaribu. Nikapokea cheti. Wakapiga makofi zaidi kuliko kwa wengine, nami nikainama, maana makofi ni makofi. Lorna alikuwa analia kwa kucheka, ameegemea bega la Odile, na Odile alikuwa anamshikilia asianguke.

Nje, penye theluji, nikamwuliza Gurnoor kwa nini hakuniambia.

"Anko, kwanza nilidhani unajua. Baadaye nikajua hujui. Halafu nikaona unafurahi."

Akachezea zipu ya koti la juu. Akasema wazee wengine wawili aliopangiwa walimfukuza kabla ya kahawa. Kwetu alikaribishwa. Akasema pia kwamba yeye na Ferris wa Manitoba wameandikiana kuhusu theluji tope, wanadhani kifaa kipige milio miwili tofauti badala ya mmoja, na kama nakubali, angependa aendelee kuja. Si kwa chuo. Kwa kipimabarafu. Aliuliza akitazama chini, kana kwamba naweza kukataa.

 Nikamwambia nitalitafakari ombi lake. Lorna akamwambia Ijumaa, mkate utakuwa tayari.

Jumatano, Februari 26

Nimetafakari usiku na kupata jibu. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la chuo. Chuo cha ufundi ni kidogo, ndiyo maana wanachanganya watu. Mradi wenye uzito huu unataka chuo kikuu.

Nimekwenda asubuhi. Bahati ilikuwa mlangoni: tangazo kubwa, wanatafutwa wanaume wa zaidi ya miaka hamsini na mitano kufanya kazi na watafiti wa idara. Nikapanda ghorofani. Wanafunzi wa udaktari, wanne, wamevaa makoti meupe, hakuna hata mmoja aliyetaka kunifundisha kuwasha kitu. Wakanihoji kwa makini. Usingizi wangu ukoje. Nasahau majina? Niliwahi kuanguka? Nikajibu yote kwa ukweli, wakaandika kila neno. Nilipowatajia kipimabarafu waliandika hilo pia na kutazamana. Nimewavutia.

Wamenipa miadi ya Jumatatu, asubuhi nzima, wote wanne kwa ajili yangu peke yangu. Kutakuwa na nyaya nyingi, nyingine za kubandikwa kichwani, wamesema. Nikawaambia nyaya ndiyo lugha yangu. Nije bila kula, na nivae shati linalofunguka mbele.

Nimempigia Odile, mwenyewe, kwa kidole changu, kumweleza kwamba sasa ninao wanne. Akauliza wanasomea nini. Nikamwambia mlezi hawaulizi watu mambo ya faragha.

Sijaelewa tu kwa nini watahitaji kuninyoa kidogo nyuma ya sikio. Lakini kila chuo na desturi zake.